Chumvi ya Buvuga

Zama zile, kabla reli haijafika bara, nchi ya Buvuga ilikuwa na chemchemi ya maji ya chumvi kando ya mto, na mlinzi wake alikuwa mwanamke, Nyanzobe binti Ruhaga. Kila kiangazi watu wa makabila mengi walikuja kuchemsha chumvi, hata waliokuwa wakipigana vita. Sharti lilikuwa moja tu: silaha zote zibaki ng'ambo ya mto. Tangu enzi za bibi yake Nyanzobe, damu haikuwahi kumwagika penye vyungu vile.

Kisha akaja Mdachi mmoja na askari sitini wenye bunduki. Rugimbana, mkuu wa vijana, alimsihi Nyanzobe, dada yake, awaruhusu wakachukue mikuki. Nyanzobe alikataa katakata. Alidhani mgeni huyu naye angetii sharti, maana hajapata kuonekana mtu wa kulivunja. Mdachi akavuka na bunduki zake. Watu kumi na mmoja waliuawa mikono mitupu, Rugimbana akiwa wa kwanza, na bendera ikasimikwa palepale alipoangukia.

Tangu siku hiyo chumvi ikawa ya serikali. Waliochemsha kwa hiari sasa walichemsha kwa viboko, na jasho lao likapakiwa magunia kwenda pwani. Nyanzobe aliachwa hai kwa kuwa wachemshaji walimsikiliza yeye. Mdachi, kupitia mkalimani, akamwambia ashukuru, kwani wamewaletea amani watu wasioijua.

"Amani uliikuta hapa, bwana," Nyanzobe alijibu. "Uliikanyaga ulipovuka."

Mkalimani aliinamisha kichwa, asiyatafsiri maneno hayo.

Mwanzo wa kiangazi kilichofuata, mto ungali umejaa, Nyanzobe aliomba kuufungua msimu kimila: wanawake wapalilie tuta linaloutenga mto na chemchemi. Mdachi akaletewa kiti atazame mambo ya washenzi wake. Asubuhi kweupe wanawake thelathini waliinua majembe, wakiimba, wala hawakupalilia, walichimba. Askari waliposhtuka, mto ulikwishaingia. Matope na mchanga vikafukia chemchemi, vyungu na mafiga, na Mdachi akapayuka mpaka sauti ikamkauka.

Nyanzobe alijitwika kosa lote peke yake, akafungwa kamba shingoni. Njiani alisimama bibi kizee Inabarezi, ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwa wale kumi na mmoja.

"Ungetuuliza kwanza, mwanangu," alisema. "Chumvi ile ilikuwa yetu sote."

"Mngejua, mama, wangewaua nyote."

Bibi kizee akampisha bila kumbariki. Nyanzobe alipelekwa pwani na hakurudi tena.

Mdachi aliandika kwamba chemchemi iliharibiwa na mafuriko, kwa aibu ya kushindwa na majembe. Watu wa Buvuga walikula mboga chapwa miaka na miaka, na wengine walimlaani Nyanzobe kila walipoonja. Laana hizo zimekwisha. Siku hizi chungu cha kwanza cha mavuno hupikwa bila chumvi, na mtoto anayelalamika huambiwa anyamaze, ale.