Mbuzi wa Bahati Nasibu

Kitendawili! Nina mwanamwali mwenye ndevu, na watu wote wamtaka. Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Malindi? Haya, nimekwenda Malindi, nimekula halua, nimerudi na jibu: ni mbuzi jike. Na huyu nitakayekusimulia, kule Magarini mwaka wa 1986, alitakwa kwelikweli.

Alikuwa mbuzi wa maziwa, mweupe, zawadi ya bahati nasibu ya klabu ya wakulima ya shule. Watoto waliuza tikiti kanisani, msikitini, hata penye foleni ya kusaga mahindi. Pesa hizo zingechimba kisima, bustani yao isikauke tena. Kila asubuhi mtoto mmoja alimkatia mbuzi nyasi kichakani, na jioni mwingine.

Jumamosi ya bahati nasibu, zamu ya asubuhi ilikuwa ya Kache wa darasa la sita. Tena yeye ndiye aliyechaguliwa kumleta mbuzi mbele ya wageni, na nywele zake zilikuwa bado hazijasukwa! Kichakani ni mbali. Pembeni mwa bustani mihogo michungu ilikuwa imestawi, majani mabichi yanang'aa.

"Nyumbani twala kisamvu kila mara," akajiambia. "Kama sisi hakitudhuru, mbuzi kitamdhuruje?"

Akavunja fungu la majani, akamtupia mbuzi, akakimbilia kwa dada yake kusukwa.

Aliporudi, uwanja ulikuwa umejaa watu. Lakini wanafunzi wenzake walikuwa wamesongamana kwenye banda la mbuzi, nyuso zimewabadilika. Mbuzi amelala ubavu, ahema kwa nguvu, povu limemjaa mdomoni. Hakubakiza hata jani moja.

"Kache, umempa nini leo?" Mwalimu Mwambire, mlezi wa klabu, akauliza.

"Nyasi, mwalimu." Uongo ulimtoka kabla hajaufikiria.

"Basi ni Joram!" mtoto mmoja akapaza sauti. "Yeye ndiye aliyemlisha jana jioni."

"Nyinyi wa bara mwajua viazi tu, mbuzi mtamjulia wapi?" mwingine akadakia.

"Haki ya Mungu, nilimpa nyasi!" Joram akasema, machozi yakimlengalenga. "Kache, si ulinikuta hapa nikimlisha? Waambie!"

Kweli Kache alimkuta. Hata walicheka pamoja mbuzi alipomvuta Joram shati. Lakini sasa alitazama vidole vya miguu yake, akanyamaza.

"Mbuzi akifa, baba yako ndiye atakayerudisha pesa za watu," wakamwambia Joram. "Na kisima tukisahau!"

Bwana Menza, afisa wa mifugo aliyealikwa siku hiyo, akapenya katikati yao na mkoba wake. Akapiga magoti, akamfunua mbuzi jicho, akamgusa tumbo.

"Mwalimu, nina dawa ya tumbo, na nina dawa ya sumu," akasema. "Nikimdunga isiyo yake, nitamwua mimi mwenyewe. Muda hatuna. Nambieni ukweli, amekula nini?"

Kutoka uwanjani watu walianza kupiga makofi, wakimtaka mbuzi wao. Miguu ya mbuzi ikakakamaa, shingo ikapinda nyuma, akatoa mlio mwembamba kama wa mtoto mchanga.

"Ni mimi!" Kache akapiga kelele. "Joram hana kosa! Nimempa majani ya muhogo mchungu, mabichi!"

Bwana Menza hakupoteza neno. Akavunja kichupa, akavuta dawa, akamdunga. Watoto wakangoja bila kusogea. Joram alimshika mbuzi kichwa, naye Kache hakuthubutu kukaribia. Polepole pumzi zikatulia. Miguu ikalegea. Mwishowe mbuzi akainua shingo, akapiga chafya, povu lote likamrukia Mwalimu Mwambire kwenye tai. Hapo ndipo watu walipocheka.

"Kisamvu twala, sikatai," Bwana Menza akamwambia Kache. "Lakini mama hukitwanga, akakichemsha mpaka sumu itoke. Je, mbuzi ana kinu?"

Kache akatikisa kichwa, akamgeukia Joram. "Niwie radhi, ndugu yangu."

"Umechelewa sana kusema," Joram akajibu, akijifuta macho. Kisha akampa mkono.

Tikiti iliyotoka ilikuwa ya Mama Nyakio, muuza chai wa sokoni. Mwalimu alimweleza yote yaliyotokea.

"Mbuzi nitamchukua, akishapona vizuri," Mama Nyakio akasema. "Lakini mimi najua chai tu, sijafuga hata kuku. Nani atakuja kwangu kunifunza kumlisha?"

Watoto wakatazamana. Nani angethubutu, baada ya siku kama ile?

Mwalimu Mwambire akaweka mkono begani mwa Kache. "Mwanangu, uvivu wako ulimwangusha mbuzi. Uongo wako ulimwumiza mwenzako, na huo ndio mbaya zaidi. Lakini ulisema kweli mbuzi angali hai. Watoto wote, nisikieni: ukikosa, sema upesi, kosa likiwa bado lina dawa."

"Haya, mwalimu," Mama Nyakio akasema, "lakini mimi bado sijajibiwa."

Kache akafuta machozi, akapiga hatua mbele ya watu wote.

"Mimi, mama," akasema. "Nitakuja mimi."