Boti ya Kibuye

Rafiki yangu Mukarugwiza, fundi cherehani wa Gisenyi, alishinda bandarini Rubona na gauni la mdogo wake aliyekuwa akiolewa Kibuye. Maporomoko ya udongo yalikuwa yameziba barabara, na dhoruba ilizuia boti tangu juzi.

"Mama, leo tena hakuna," mlinzi akamwambia. "Ziwa iko mubaya."

"Bon, na harusi ni kesho! Mutu aolewe bila nguo?"

Akabaki kibandani, amefura kwa hasira. Mchana ukawa giza. Ghafla injini ikanguruma karibu, ikazimika, na nyayo zikapita juu ya mbao za gati. Akatoka mbio amekumbatia gauni.

Gati lilikuwa tupu. Kamba moja tu ilikuwa imefungwa nguzoni, imekazwa juu ya maji, ikivutwa na kulegea, na ncha yake ya pili haikushika kitu.