Hodi Tatu za Gitaa

Lori la Kijiji cha Nyamahanga lilikataa kuwaka mbele ya soko la Biharamulo, saa nane mchana, likiwa limejaa watu, mihogo, kuku na mabati ya paa la shule. Ilikuwa siku ya soko, mwaka 1977. Dereva, Mzee Kazimili, alizungusha ufunguo mara nne. Lori likakohoa kidogo, kisha likanyamaza.

"Abiria wote chini!" utingo alipaza sauti. "Tunasukuma!"

Eufrazia alishuka wa mwisho. Alikuwa na miaka kumi na minane, mwalimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, mmoja wa vijana waliomaliza darasa la saba wakaanza kufundisha huku wenyewe wakiendelea kufunzwa. Siku hiyo alivaa gauni la teteroni rangi ya maziwa, lenye mikono mifupi iliyotuna kama maandazi. Alijisogeza kando ya barabara, akaukumbatia mkoba wake.

"Na wewe, dada mwenye gauni," utingo alimwambia. "Lori halijui gauni."

"Mimi ni mwalimu," Eufrazia alijibu kwa sauti ndogo.

"Shikamoo, mwalimu. Sukuma."

Watu wakacheka. Mama mmoja aliyebeba jogoo kwapani akadakia: "Muulize huyo Shibuda betri imekufaje! Jana wameshinda ndani ya banda la lori wakipiga makelele yao. Betri ya kijiji imeliwa na magitaa!"

Shibuda, utingo mwenyewe, hakubisha. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mrefu, mwenye kaptura iliyolowa mafuta na shati lisilo na kifungo cha juu. Familia yake ilitoka Shinyanga na ng'ombe wao miaka mingi iliyopita. Alitabasamu tu, akaweka bega kwenye bodi la lori.

Lori lilipowaka, watu walilikimbilia na kulipanda huku likijongea. Shibuda alimshika Eufrazia mkono akamvuta juu. Alipomwachia, vidole vitano vya grisi vilikuwa vimejichora kwenye mkono wa gauni.

"Yesu wangu!" Eufrazia alishtuka. "Gauni langu!"

"Samahani, mwalimu. Njoo Jumamosi bandani nilifue."

"Utalifua na nini?"

"Petroli. Na muziki."

Eufrazia aligeuza uso upande wa pili ili asimwone anacheka. Shibuda aliona.

*

Jumamosi alikwenda. Alijiambia anafuata petroli.

Banda la lori lilikuwa la mabati, pembeni ya shamba la kijiji, linanuka dizeli na vumbi la pamba. Ndani yake vijana watatu walikuwa wakipiga muziki, na Eufrazia hakuwahi kusikia kitu kama kile. Laurian, kijana wa Kihangaza aliyesoma naye darasa moja, alipiga besi yenye nyuzi mbili. Nyandwi, ambaye wazazi wake walikimbilia huku kutoka Burundi, alipiga ngoma alizozitengeneza kwa debe na ngozi ya mbuzi. Shibuda alipiga gitaa alilolichonga kwa mninga. Nyuzi zake zilikuwa nyaya za breki za baiskeli, na ndani ya tumbo lake aliweka kipande cha kusemea cha mkono wa simu mbovu. Waya ulitoka humo ukaenda kwenye redio kuukuu, na redio ilikunywa umeme wa betri ya lori. Spika ilikuwa imechanika. Kila noti ilitoka ikikoroma kama lori linalopanda mlima.

"Hii ni nini?" Eufrazia aliuliza, mikono masikioni.

"Roki," Laurian alijibu kwa majivuno. "Tumeisikia redioni usiku, kutoka mbali."

"Jina letu Betri Jazz," Nyandwi akaongeza. "Lori likisafiri, na bendi imekufa."

"Na mazoezi yakiisha?"

"Yakiisha tunasukuma," wakajibu wote watatu.

Ndivyo ilivyokuwa. Kila Jumamosi jioni, nyimbo zilipokwisha, Nyandwi aliweka chini vijiti vyake, na wote wakaenda nyuma ya lori kulisukuma kwenye mteremko mpaka liwake. Isingekuwa hivyo, Mzee Kazimili angewafungia banda. Eufrazia naye akawa anasukuma. Doa la vidole halikutoka kwa petroli, na hakulijali tena.

"Mayu," Shibuda alimwita hivyo, kama Wasukuma wanavyomwita mama, na mtoto wa kike anayependwa. "Mayu, ukisukuma karibu yangu lori linakuwa jepesi."

"Mwongo. Wewe husukumi, unaniangalia."

"Nani kakwambia siangalii na kusukuma?"

Mwaka ukapita hivyo. Hawakuambiana mengi zaidi ya hayo, kwa sababu Eufrazia alikuwa mwoga wa maneno, na Shibuda aliamini kuwa maneno makubwa ni ya kuimbwa.

*

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa.

Baba yake Shibuda alikuwa kiongozi wa ngoma. Nyumbani kwao, kumtaja mtu kwa jina katika wimbo, mbele ya uwanja uliojaa, ni kama kumpa ng'ombe. Mtu aliyeimbwa hurudi kwake ametanua kifua. Shibuda alikua akijua hivyo, wala hakuwahi kufikiri kwamba wengine hujua vingine.

Baba yake Eufrazia, Bartholomayo, alikuwa katekista, Mhangaza aliyehamia kutoka Ngara wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Kwao, jina la binti hutajwa kwanza ndani, wazee wakiwa wamekaa, kibuyu cha pombe ya ndizi kikiwa katikati. Jina likianzia uwanjani, watu huuliza amefanya nini.

Siku ya Sabasaba, mwaka 1978, kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Lori liliegeshwa karibu na jukwaa, Betri Jazz wakapanda juu ya bodi wakiwa wamevaa mashati ya kijani yaliyofanana. Nyimbo mbili zilikwenda vizuri. Katika wa tatu Shibuda alitia maneno ambayo hata wenzake hawakuyasikia mazoezini:

*Eufrazia, binti Bartholomayo,*
*umenishika kama grisi, sitoki.*

Vijana wakapiga mbinja. Wanawake wakaangaliana. Bartholomayo, aliyekaa mstari wa mbele na wazee, alisimama taratibu, akachukua kofia yake kwenye goti na kuondoka bila kugeuka.

Eufrazia alimkuta Shibuda nyuma ya banda, jasho likimtiririka, anacheka kwa furaha.

"Umesikia, mayu? Umejisikia?"

"Nimejisikia nikivuliwa nguo," Eufrazia alisema. "Mbele ya wanafunzi wangu. Mbele ya baba. Nimekukosea nini, Shibuda?"

"Kunikosea? Nimekusifu!"

"Umenisifu kama ng'ombe wa mnadani. Usinisalimie tena."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Shibuda alivaa shati safi akaenda kwa Bartholomayo. Mlango ulikuwa wazi nusu. "Hodi," aliita. Bartholomayo alikuwa ndani, kitabu cha sala mkononi. Alinyamaza. "Hodi, baba." Jikoni nyuma ya nyumba, Eufrazia aliacha kupepeta maharage, ungo ukabaki hewani. Aliijua sauti ile, na akaitambua hofu iliyokuwamo. Angeweza kusema neno moja. Alinyamaza. "Hodi."

Asiyejibiwa hodi ya tatu huondoka. Shibuda aliondoka.

*

Mwezi wa kumi majeshi ya Amin yalivuka mpaka. Mwezi wa kumi na moja ilikuja amri kwamba malori yanatakiwa kwenye vita, pamoja na madereva na utingo wao. Lori la Nyamahanga liliondoka asubuhi, magunia ya mahindi juu yake. Eufrazia alisimama na wanafunzi wake kando ya barabara wakiimba nyimbo za kuwaaga. Lori lilipopita, Shibuda alikuwa amekaa juu ya magunia. Hakupunga mkono. Aliogopa kumwaibisha tena. Eufrazia aliimba akitazama miguu yake, na kulipokuwa kumebaki vumbi tu ndipo alipoinua uso.

Wiki ya tatu dereva mmoja aliyepita alileta ujumbe: Jumamosi saa nne, uwe posta ya Biharamulo, utapigiwa simu.

Alifika saa mbili. Karani wa simu alikuwa Esperansia, mtoto wa shangazi yake. Esperansia alichomeka waya, akapiga kelele "Bukoba! Bukoba!" mpaka sauti ikamkauka, kisha akamkabidhi mkono wa simu.

"Haloo! Unanisikia?"

"Nakusikia. Usipige kelele, posta nzima inakusikia."

"Mayu, umekonda."

"Unanionaje?"

"Sauti imekonda."

Eufrazia alifunika uso kwa kiganja. "Unakula?"

"Ninakula vizuri kuliko nyumbani. Sikiliza, nina dakika chache. Laurian alinieleza siku ya mwisho. Aliniita mjinga mara saba. Mimi sikujua, Eufrazia. Kwetu ile ni zawadi."

"Nami sikukuuliza," alisema. "Ulipopiga hodi nilikuwa jikoni. Nilikusikia."

"Zote tatu?"

"Zote tatu. Nisamehe."

"Basi tumeshalipana," Shibuda alisema, na sauti yake ikachangamka. "Nikirudi naja na baba na mjomba. Tutakaa chini. Jina lako litasemwa ndani kwanza, kwa adabu, halafu ndiyo nikuoe. Unataka?"

Esperansia alikuwa anaandika kitu kisichokuwapo. Eufrazia akampa mgongo.

"Nataka," alinong'ona.

"Sikusikia!"

"Nimesema nataka, wewe! Usinitese."

"Na wimbo nimeubadilisha. Gitaa ninalo, liko chini ya kiti cha Mzee Kazimili. Jina lako nimelitoa. Mahali pake sasa nagonga ubao wa gitaa. Askari wananiuliza, mbona hapo katikati unanyamaza? Nawaambia, hapo kuna mlango. Sikiliza."

Kutoka Bukoba, kupitia milima yote ile, ulikuja mlio wa kidole kikigonga mkono wa simu: ko, ko, ko.

"Mbona hunijibu? Mtu akibisha hodi hujibiwa."

Eufrazia alicheka, mara ya kwanza tangu Sabasaba. "Hodi ya simu siijibu. Uje uibishe mlangoni."

"Neno moja tu, mayu."

"Mlangoni, nimesema."

"Sasa umenifunga. Itabidi nirudi."

"Ndiyo maana yake."

"Dakika tatu!" Esperansia aliita, na waya ukakatika.

*

Mzee Kazimili alirudi mwezi wa sita mwaka 1979, amepanda gari la watu wengine, mguu mmoja haukunjiki. Lori halikurudi. Lilikanyaga bomu lililotegwa barabarani, kaskazini ya mto Kagera, mwezi wa kwanza. Kazimili alirushwa nje. Shibuda alikuwa nyuma juu ya mzigo, na alizikwa hukohuko. Gitaa liliungua.

Kitu kimoja tu kilichosalimika kwenye lori alirudi nacho. Alikishusha ofisini kwa mwenyekiti wa kijiji, akakifuta vumbi kwa kofia yake.

"Mali ya kijiji," alisema. "Betri."

Kisha akalia mbele ya watu.

Wakati huo Eufrazia alikuwa darasani. Aliyeenda kumwambia ni baba yake mwenyewe. Bartholomayo alisimama mlangoni mwa darasa, kofia mkononi, akasita kuingia. Alikuwa ameshawapelekea watu wengi habari za misiba. Ya leo ilikuwa ya binti yake.

"Baba, sema tu," Eufrazia alimwambia. "Nimeshaelewa."

Siku arobaini zilipopita, Laurian alichonga gitaa jingine. Nyandwi alikwenda na betri misheni, wakaichaji kwa jenereta ya mapadri. Mzee Kazimili, aliyeusikia ule wimbo kila jioni huko safarini, aliwafundisha jinsi Shibuda alivyoubadilisha: hapa sauti, hapa kimya, hapa ubao.

Jumamosi iliyofuata Eufrazia alivaa gauni la rangi ya maziwa, lenye vidole vitano mkononi. Alikaa juu ya tairi kuukuu. Banda lilikuwa pana mno bila lori. Laurian aliimba kwa sauti ya kukwaruza, gitaa likikoroma, mpaka wimbo ukafika pale. Akanyamaza. Akagonga ubao.

Ko. Ko. Ko.

"Karibu."

Wote waligeuka. Bartholomayo alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, nje kidogo, kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa.

"Endeleeni," alisema. "Nilikuwa ndani siku ile. Nilikuwa na kitabu cha sala mkononi, na sikujibu. Wekeni jina la binti yangu mtakapotaka. Nimeruhusu."

Laurian alimtazama Eufrazia. Eufrazia akatikisa kichwa: hapana, liache kama Shibuda alivyoliacha. Wakaanza tena kutoka mwanzo. Betri ilikuwa imechoka, haikushika chaji ya kutosha. Gitaa lilififia ubeti kwa ubeti, na walipofika kwenye kimya kile, ule mlio wa tatu haukutoka kwenye spika kabisa. Ulisikika kwenye mbao tu, mkavu na mdogo, kama ule wa kwenye simu.

Nyandwi aliweka chini vijiti vyake. Akainuka, kama alivyozoea kila Jumamosi betri inapokwisha, akatembea mpaka mahali ambapo nyuma ya lori pangekuwa, akainua mikono yote miwili kusukuma. Akabaki hivyo, viganja hewani.

Eufrazia alikwenda akasimama kando yake. Akaitazama ile nafasi tupu, yenye madoa ya mafuta chini, na barabara inayoteremka baada yake.

"Karibu," alisema. "Karibu ndani, Shibuda."