Miwani ya Kiti cha Tatu

Haya yalimpata Marlene, ambaye nimefua naye mashuka ya hoteli hapa Orlando kwa miaka sita. Siku yake ya mapumziko alimpeleka bintiye Dessa, wa miaka minne, kwenye bustani ya michezo. Jua lilipowazidi wakaingia kwenye sinema ya miwani, ile ambayo samaki hutoka ukutani na kukujia usoni. Mlangoni kila mtu alipewa miwani yake. Walikaa mwisho wa safu. Kando ya Dessa kilibaki kiti kimoja kitupu, kisha ukuta.

Taa zikazimwa. Papa alipowarukia, watoto walipiga mayowe, na Dessa akajificha kwapani mwa mamake.

"Mama, ananila!"

"Vua miwani, kipenzi. Ukivua hakupati. Ni picha tu."

Dessa akavua, akatulia. Kisha Marlene akasikia kwikwi ndogo za kilio gizani, si za Dessa. Bintiye akakigeukia kile kiti kitupu.

"Na wewe vua," Dessa alinong'ona. "Ni picha tu."

Kwikwi zikakoma.

"Wala sikuogopa, shoga," Marlene aliniambia. "Nilikufa ganzi. Nikakodoa macho mbele mpaka ikaisha."

Taa zilipowaka, alikuwa ameshika miwani yake na ya Dessa. Juu ya kiti kitupu palikuwa na miwani nyingine, ya kitoto. Vioo vyake vilikuwa na ukungu, kana kwamba vimepuliziwa pumzi. Walipokuwa wakiitazama, ukungu ulififia, ukarudi, ukafifia tena.