Mashuka Sitini Kabla ya Saa Kumi

Likizo ilipoanza, wenzake Chiriku walilala mpaka jua likapanda. Yeye saa moja asubuhi alikuwa ameshafungua duka la udobi la mama yake, amefagia, amepanga pini na vijikaratasi vya namba za wateja. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina la Chiriku alipewa na mjomba wake kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika, na ndiyo maana aliwekwa mezani kupokea wateja. Mjomba alifua na kuanika uani. Mama alipiga pasi. Walikuwa watatu tu, na kila jioni walikula kimya, mikono ikiwauma.

Wiki ya kwanza ya likizo Mama aliwaketisha kwenye benchi akawapa habari. Kliniki ya wazazi ya mtaa wa pili ilikuwa imekubali kuwapa kazi.

"Kila asubuhi wataleta mashuka sitini," alisema. "Saa kumi alasiri yawe yamerudi, makavu, yamenyooshwa. Basi kuanzia sasa tunafua mashuka yao tu. Nguo za mtaani tunaacha. Hatuwezi kushika huku na huku."

"Sawa, dada," alijibu Mjomba.

"Sawa, Mama," alijibu Chiriku.

Wakainuka. Kesho yake kila mmoja alifanya kazi vilevile alivyoifanya miaka yote. Hata kibao cha nje kiliendelea kusema: TUNAFUA NGUO ZOTE.

Kwa hiyo watu waliendelea kuja, na Chiriku hakuweza kumkatalia mtu. Kwanza alikuja mwalimu wake wa darasa na suti mbili. "Leo tu, mwanangu." Siku ya tatu akaja jirani na mapazia. Halafu rafiki yake kipenzi akaleta jezi kumi na tano za timu ya kaka yake, zimeganda matope. Chiriku alizichukua zote, akazisukumiza chini ya rundo la mashuka. Mjomba alikuta nguo kwenye beseni, akafua bila kuuliza.

Siku ya jezi, mawingu yalitanda tangu asubuhi. Uani kulikuwa na kamba tano. Jezi zilikula kamba mbili nzima, mashuka yakabanwa kwenye tatu zilizobaki, yamekunjwa mara mbili mbili. Alasiri pasi ya Mama ilikuwa inatoa mvuke kama birika.

"Mbona haya mashuka bado yana majimaji?" aliuliza, akijifuta jasho.

"Jua halikutoka vizuri, Mama," alisema Chiriku, macho chini. Saa ilikuwa imefika. Mashuka yakaenda hivyo hivyo.

Asubuhi iliyofuata aliingia nesi mkuu wa kliniki, ameshika shuka moja. Hakukaa.

"Nusa," alimwambia Mama. Shuka lilinuka uvundo. "Jana nilimkuta mama aliyetoka kujifungua anatetemeka, na kichanga chake kimelazwa kwenye unyevu. Mtoto wa siku moja atahimili baridi hiyo? Leo nawaletea sitini kama kawaida. Yakirudi hivi tena, nitatafuta dobi mwingine."

Alipoondoka, Mama alimgeukia kaka yake. Sauti yake ilikuwa na uchovu zaidi kuliko hasira. "Jana ulianika nini kwenye kamba?"

"Mashuka. Na jezi."

"Jezi za nani? Si tulikubaliana?"

"Mimi nilizikuta kwenye beseni, dada. Nikadhani umezipokea wewe."

"Ulidhani! Mtu mzima mzima, unadhani!"

Mjomba aliinamisha kichwa. Chiriku alimtazama, mikono yake imechubuka kwa sabuni, anabeba lawama isiyo yake.

"Ni mimi, Mama," alisema. "Jezi nilizipokea mimi, na suti, na mapazia. Niliona aibu kuwakatalia. Na jana nilikudanganya. Kamba ndizo hazikutosha."

Alingoja kugombezwa. Mama alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Umenidanganya, na hilo ni kosa lako," alisema. "Lakini langu lipo pia. Niliwaambia ninachotaka, sikusema nani afanye nini. Simameni. Tuyafuate mashuka kuanzia mlangoni."

Wakayafuata, kutoka mezani hadi kwenye beseni, kutoka kamba hadi pasi. Wakakubaliana kwamba kamba zote tano ni za mashuka, na kila shuka linaanikwa limekunjuliwa, kabla ya saa nne. Mjomba asifue nguo isiyo na alama ya kliniki, na akiikuta aulize. Saa nane Chiriku apite akishika mapindo, maana pindo ndilo hukauka mwisho. Mjomba akachukua brashi, akakiendea kibao cha nje, akalipaka rangi lile neno "zote" na mengine yote, akaandika MASHUKA YA KLINIKI TU.

"Na anayekataa wateja ni wewe," Mama alimwambia Chiriku.

Haikupita saa moja, mwalimu akatokea na furushi.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani sana, hatupokei tena nguo za mtaani. Kuna dobi mzuri pale kona ya sokoni."

"Hata zangu?"

"Hata zako, Mwalimu." Masikio yalimwaka moto. Mwalimu alimtazama, akaguna, akaondoka na furushi lake.

Saa nane Chiriku alishika mapindo sitini. Kumi na mawili yalikuwa bado mabichi. Safari hii hakunyamaza. Alimwambia Mama, kisha akakimbilia kliniki. "Nesi, saa kumi utapata arobaini na manane. Yaliyobaki hayajakauka, tutayaleta saa kumi na moja."

Nesi alimkazia macho. "Afadhali umesema mapema. Nitajipanga."

Yalifika yote, makavu. Nesi alishika pindo moja moja, akatia sahihi ya kupokea.

Wakirudi nyumbani miguu ilikuwa mizito. Mama alimshika Chiriku begani.

"Mpango tuliupanga siku moja, tena tumekaa kwenye benchi," alisema. "Kuutekeleza ni kila siku, mwanangu, na kila mtu kwa sehemu yake. Sehemu yako ikikushinda, sema mapema. Ukificha, anayeumia ni mtu usiyemwona."

"Nimeelewa, Mama."

"Haya, twende tukale. Kesho ni mengine sitini."