Mgeni Mwenye Mafua

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, treni ya kwenda mjini iliingia jukwaa la pili. Vipaza sauti vya kituo vilikuwa vimetangaza jukwaa la nne. Watu walikimbilia ngazi kwa msukumano, na karibu wote waliwahi. Mwanamke mmoja hakuwahi, kwa sababu kisigino cha kiatu chake cha kushoto kilikatika katikati ya ngazi.

Alipanda hadi chumba cha matangazo, kiatu mkononi. Alivaa gauni la rangi ya haradali lililobana kiunoni, na miwani ya fremu nyembamba aliyoitengeneza mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kukata lenzi katika duka la miwani.

"Wewe ndiye jukwaa la nne?"

Mtangazaji aligeuka. Shati lake jeupe lilipigwa pasi hadi kwenye vifungo. "Ndiye mimi, dada. Samahani sana."

"Samahani haivaliki. Nitembee nayo?"

"Nina gundi."

"Gundi unayo, macho huna. Njoo dukani nikupime."

Alikwenda kweli. Macho yake yalikuwa mazima. Alirudi wiki iliyofuata akidai kipimo hakikumridhisha, na fundi miwani akacheka mpaka mteja mwingine akauliza kuna nini.

Kuanzia hapo fundi miwani alimsikia mtangazaji mara mbili kwa siku: asubuhi kwenye vipaza sauti, jioni kwenye simu.

"Leo umeniudhi," alimwambia jioni moja.

"Nimefanya nini tena, kipenzi?"

"Umetangaza treni inaondoka kwa furaha kubwa, nami nimo ndani."

"Basi kesho nitalia."

"Lia vizuri, abiria wasikie."

Walipokubaliana kuoana, ilibaki kwenda kwa baba. Ziara iliahirishwa mara mbili kwa sababu ya zamu za kituoni. Baba, mpima ardhi mstaafu mwenye shinikizo la damu, hakupenda vipimo vinavyobadilika. "Akiahirisha mara ya tatu," alimwambia binti yake, "hilo nalo ni jibu."

Siku ya ziara mtangazaji aliamka na homa, pua imeziba, viungo vinauma. Alijua ni mafua makali. Nusu ya wenzake kituoni walikuwa wamelala nayo. Alijua pia namna ya kuyaficha, kwani kituo hakikuwa na mtangazaji wa akiba. Alijifukiza, akaweka dawa ya matone puani, akameza vidonge vya homa, kisha akashusha sauti na kusema sentensi fupi fupi.

"Uko tayari, laazizi?" fundi miwani aliuliza kwenye simu.

"Niko tayari."

"Umelala vizuri?"

"Vizuri sana. Naja."

Hakuna abiria ambaye angegundua. Fundi miwani aligundua. Alikuwa ameisikia sauti ile mwaka mzima, na alisikia jinsi ilivyobebwa kwa uangalifu, kama mtu anayetembea na bakuli lililojaa. Mama alikuwa anatandika vitambaa, shangazi ameshafika, baba amevaa koti. Akasema, "Usichelewe, mpenzi."

Mtangazaji aliketishwa kando ya baba. Alishikana naye mikono kwa muda mrefu, wakazungumza vichwa vikiwa karibu, maana baba hakusikia vizuri kwa sikio moja. Mara mbili aliomba kwenda msalani, akafungulia bomba, akakohoa.

"Kijana ana adabu," alisema baba. "Anasema machache."

Siku mbili baadaye baba alipata homa, na shangazi pia. Kabla wiki haijaisha, baba alishika kifua akiwa anafunga kamba za viatu, akaanguka kando ya kitanda.

Hospitalini walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono hadi moyoni, wakazibua palipoziba. Daktari aliwaeleza fundi miwani na mtangazaji ukumbini.

"Mafua makali hayaishii puani wala mapafuni. Mwili unapopigana na virusi, utando wa ndani wa mishipa ya damu nao huvimba, na damu huganda kwa urahisi zaidi. Mzee alikuwa na mafuta yaliyojijenga ndani ya mshipa wa moyo, kwa miaka mingi. Mafua yakamkuta hivyo. Mafuta yale yalipopasuka, damu iliganda ikaziba njia."

"Atapona?" aliuliza fundi miwani.

"Ataishi. Sehemu ya msuli wa moyo imekufa, hiyo hairudi. Kwa umri wake alistahili chanjo ya mafua kila mwaka."

"Aliyapata wapi?" aliuliza mtangazaji.

"Hilo siwezi kulithibitisha. Kuna mtu alikuja kwenu anaumwa?"

Kila mmoja alitazama sakafu, akidhani ni yeye tu mwenye sababu ya kuitazama.

Mtangazaji aliacha kwenda hospitali. Halafu akaacha kupokea simu. Siku aliyopokea, fundi miwani hakumsalimu.

"Baba yangu amekuwa mzigo kwako hata kabla hujanioa?"

"Si hivyo."

"Ni vipi? Mgonjwa anakutisha? Sema basi, wewe si ndiye msemaji?"

"Siwezi kwenye simu."

Mtangazaji alikwenda dukani wakati wa kufunga, shati limekunjamana. Fundi miwani alikuwa kwenye mashine ya kusaga lenzi. Aliizima.

"Nilikuja kwenu nina mafua," alisema mtangazaji. "Nilijua. Nilimpumulia baba yako usoni."

Fundi miwani aliishika lenzi mpaka ukingo ukamwachia alama kiganjani. Ukweli wake ulikuwa mdomoni. Kilichotoka ni hiki: "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuogopa. Nilimwogopa na yeye."

Alimkumbatia, akalia begani kwake. Mtangazaji alidhani anamlilia baba. Kumbe alikuwa anajionea aibu, na hakumwambia kuwa naye alijua.

Baba aliporudi nyumbani, akipumzika kila baada ya ngazi chache, ndugu walikuja kumwona. Mtangazaji alikuja pia.

"Shikamoo, baba. Naomba tuzungumze faragha."

"Marahaba. Ulikuja mara ya kwanza mbele ya watu hawa. Zungumza mbele yao."

Akasimama, akasema yote: homa, vidonge, bomba la msalani.

"Haya!" shangazi alipiga mapaja. "Nami nimelala wiki nzima nikilaumu feni! Kumbe tulimkirimu mtu na ugonjwa wake!"

"Dada, ngoja," alisema baba. Aliuliza kwa utaratibu, kama anayeweka vigingi. "Ulijua au ulidhani?"

"Nilijua, baba. Sikujua yanafika moyoni."

"Mngeahirisha, ningekasirika. Ulijua hilo?"

"Ndiyo. Lakini kosa si hasira yako. Ni langu."

"Binti yangu alijua?"

"Hapana."

Mama alishusha pumzi. Fundi miwani, aliyekuwa ameketi mkono wa kulia wa baba, akasimama.

"Nilijua, baba."

Mtangazaji aligeuka kumtazama.

"Nilimsikia kwenye simu asubuhi ile. Ningesema neno moja, asingekuja. Nilitaka siku ipite."

"Daktari aliniambia aliwauliza. Ulimjibu nini?"

"Nilinyamaza."

"Na huyu, hakukuambia baadaye?"

"Aliniambia. Nilimwacha abebe kosa peke yake."

Baba alikaa akipumua, mkono juu ya kifua, akimtazama mmoja kisha mwingine.

"Kaeni," alisema.

Hawakujua amewaambia nani.

"Nimesema kaeni. Wote wawili. Shingo inaniuma kuwatazama."

Fundi miwani hakurudi mahali pake. Alivuka chumba, akaketi kwenye kochi alipoketi mtangazaji, akaacha nafasi kati yao. Macho aliyaweka chini. Mtangazaji akausogeza mkono wake, akaushika wa mwenzake, na baba alipoona hivyo akamwomba mama alete vikombe viwili zaidi.