Sabufa katika Nyumba ya Msiba

Koni ya sabufa ilikuwa inacheza, na hakuna muziki uliokuwa ukipigwa.

Katika nyumba ile mjini Niš, muziki ulikuwa mwiko mpaka utimie mwaka tangu Desanka azikwe. Mumewe, Radivoje, aliunda spika katika chumba cha chini, na tangu msiba alizipima kwa vyombo tu, kimya kimya. Ndiyo maana aliliona jambo lile. Koni, pana kama sinia, ilitoka mbele kiasi cha unene wa kucha, ikarudi. Ikatoka, ikarudi. Hewa yake ilinukia dunja, yale matunda ya njano ambayo Desanka aliyapanga juu ya kabati kila vuli.

"Umeona?" Radivoje alinong'ona.

Stanimir, mdogo wake Desanka aliyefanya kazi pamoja na Radivoje, aliinama. "Hitilafu hiyo, shemeji. Au nayo imelewa rakija yangu?"

"Ni yeye. Hivyo ndivyo alivyokuwa akipumua hospitali."

Stanimir aliacha utani. Mtambo ule waliuunda pamoja. Nyuma ya koni kulikuwa na koili mbili: kubwa ya kuisukuma, na ndogo ya kuhisi ilikofika. Ile ndogo ilirudisha habari kwenye amplifaya kwa waya mwembamba. Amplifaya ililinganisha habari hiyo na amri iliyotoa, na koni ikipitiliza, iliirudisha papo hapo. Pasipo muziki, amri ni moja tu: tulia.

"Basi kuna kitu kinaisukuma," Stanimir alisema polepole, "na amplifaya inakizuia. Gusa uone, inachemka."

"Inamziba pumzi." Radivoje alishika koleo.

"Usikate! Shemeji, hatujui ni nani humo."

"Mimi namjua."

Akaukata ule waya mwembamba.

"Radivoje," sauti ya Desanka ikaita kutoka ndani ya boksi la sabufa, laini, karibu. Machozi yakamtoka. Kisha koni ikachomoka kwa nguvu ambayo hakuna amplifaya iliyowahi kuwa nayo, ikapiga pigo lisilosikika ila kifuani, vioo vya madirisha vikapasuka vyote kwa mara moja, rafu za vyuma zikang'oka ukutani, na Stanimir akanyanyuliwa kutoka sakafuni, akabamizwa kwenye matofali, akashikiliwa pale na mapigo yaliyofuatana bila nafasi, mbavu zikivunjika moja baada ya nyingine, damu ikimchuruzika masikioni, huku harufu ya dunja ikigeuka kuwa ya nywele zinazoungua.

"Shemeji... waya..."

"Mwache huyo," sauti ikasema kwa upole. "Akifa tutabaki wawili."

Radivoje aliganda. Sauti hiyo ndiyo aliyoiomba kila siku tangu mazishi. Lakini Stanimir alilelewa na Desanka. Baada ya mama yao kufariki, Desanka ndiye aliyemlisha na kumvisha.

"Wewe si yeye," Radivoje alisema.

Alitambaa juu ya vioo. Hapakuwa na muda wa kulehemu. Alizishika ncha mbili za waya, fremu ya koni iliyopinda ikamchana kiganja hadi mfupa, naye akaanza kuzisokota kwa vidole vilivyoteleza kwa damu. Sauti ikabadilika. Ikawa ile ya siku ya mwisho.

"Radivoje, nakosa pumzi. Radivoje, usinifanyie hivi."

Alifumba macho, akasokota.

Koni ikasimama. Stanimir akaanguka kama gunia.

Baada ya wiki padri alikuja na maji matakatifu na kishada cha mrehani. Alinyunyizia kuta, akanyunyizia boksi, akawatazama wote wawili.

"Kimekwenda," alisema. "Pumzikeni sasa."

Alipoondoka, Stanimir, amefungwa bendeji hadi kwapani, aliutazama mtambo. Koni ilikuwa imetulia kama jiwe.

"Basi tuizime amplifaya, shemeji?"

Radivoje aliweka mkono wake usio na jeraha juu ya amplifaya, akauvuta haraka. Ngozi ilibaki kwenye chuma.

"Usiguse swichi," alisema. "Bado inakizuia."

Umeme ukayumba: juu ya vichwa vyao taa ilififia, ikakaribia kuzimika, ikarudi. Wote wawili wakaigeukia koni.